Kusema "niruhusu" kwa Kihispania: kitenzi dejar na mitego yake

*"Najifunza Kihispania mwenyewe kwa programu ya simu na video za mtandaoni. Kitenzi dejar kimenishinda. Mara naambiwa ni kuruhusu, mara ni kuacha, mara ni kukoma. Juzi nilitaka kumwandikia rafiki yangu Mhispania kwamba kazini hawakuniruhusu kutoka mapema, nikaandika «No fui dejado salir temprano». Akanijibu kwamba hakuna anayesema hivyo. Siku nyingine nikamwambia «Mi hermana me dejó de hablar», nikimaanisha dada yangu aliniruhusu nizungumze. Akanipa pole, kumbe kadhani tumegombana! Je, niachane na dejar nitumie permitir peke yake? Na hii que, lini naiweka na lini naiacha?"*

Hapana, usiachane nacho. Ukiacha dejar utakuwa umeacha kitenzi ambacho watu wanakitumia nyumbani, kazini na barabarani kila wanapoomba, kutoa au kunyima ruhusa. Permitir, nacho kina maana ya kuruhusu, ni kitenzi sahihi, lakini makazi yake hasa ni kwenye matangazo, fomu, sheria na maneno ya heshima. Mtoto anayelalamika kwamba mama hamruhusu kutoka atasema "Mi madre no me deja salir". Akisema "no me permite salir" ataeleweka, ila atasikika kama anasoma barua ya ofisi. Makosa yako mawili yana sababu zinazoeleweka, na yote mawili yanarekebishika.

Kwanza tuondoe dhana inayokuumiza zaidi, kwamba dejar ni vitenzi vitatu vilivyogongana jina. Ni kimoja. Kimetokana na neno la Kilatini laxare, yaani kulegeza, na wazo hilo la kulegeza mkono limebaki ndani yake hadi leo. Ukilegeza mkono juu ya kitu, umekiacha mahali. Ukilegeza mkono juu ya mtu, umemwacha afanye atakalo. Ukilegeza mkono juu ya shughuli, umeiacha, haiendelei. Sasa angalia Kiswahili chako mwenyewe: "Nimeacha funguo mezani", "Mwache aende", "Ameacha kuvuta sigara", "Amemwacha mumewe". Kihispania kinasema "He dejado las llaves en la mesa", "Déjalo ir", "Ha dejado de fumar", "Ha dejado a su marido". Sentensi nne, kitenzi kimoja huku, kitenzi kimoja kule. Wanaojifunza kupitia Kiingereza hulazimika kugawa dejar katika mafungu, kwa sababu lugha hiyo ina kitenzi tofauti kwa kila fungu. Programu nyingi za simu zimejengwa juu ya mgawanyo huo, nawe umeurithi bila kuuhitaji. Toka kwenye kuacha, nenda moja kwa moja kwenye dejar.

Kuna mahali njia hiyo haifiki. Huko Hispania "¿Me dejas el paraguas?" ni kumwomba mtu akuazime mwavuli, jambo ambalo Amerika ya Kusini husemwa zaidi kwa prestar. Na "dejar la casa" ni kuhama au kuitelekeza nyumba. Kutoka tu asubuhi kwenda shughulini ni "salir de casa".

Sasa tuingie kwenye ruhusa yenyewe. Umbo la msingi ni hili: anayepewa ruhusa, kisha dejar iliyonyambuliwa, yaani iliyobadilishwa kufuata nafsi na wakati, kisha kitenzi cha pili kikiwa kizima bila kunyambuliwa. "Me dejas entrar", unaniruhusu kuingia. "Te dejo usar mi coche", nakuruhusu kutumia gari langu. "Nos dejaron pasar", walituruhusu kupita. Kati ya dejar na kitenzi cha pili hakuna kitu. Hakuna a, hakuna de, hakuna para. Anayeandika "me dejas a entrar" amekosea, na anayeweka de amebadilisha maana kabisa, kama tutakavyoona.

Mahali pa kukaa me, te, lo, la, nos hapapaswi kukusumbua, maana Kiswahili nacho huweka mtendwa kabla ya mzizi: u-na-ni-ruhusu, me dejas. Kinachokwenda kinyume ni amri. Kwenye amri ya kukubali, kiwakilishi huhamia nyuma na kugandamana na kitenzi: "déjame entrar", niache niingie. Ukikanusha amri hiyo, kinarudi mbele: "no me dejes solo", usiniache peke yangu. Ukizungumza na mtu wa kumheshimu, wa usted, sema "déjeme entrar". Watu wengi, Amerika ya Kusini, ni "déjenme entrar", na Hispania kwa marafiki ni "dejadme entrar".

Kama kitenzi cha pili nacho kina mtendwa wake, una njia mbili sahihi: "¿Me dejas verlo?" na "¿Me lo dejas ver?", zote zikiwa na maana ya "utaniruhusu nikione?". Anza na ya kwanza, kila kiwakilishi kikae kwa mwenyewe. Ya pili itakujia kwa kuisikia. Kosa ni kukitupa katikati, "me dejas lo ver". Hapo katikati hakiwezi kukaa.

Mtu akitajwa kwa jina au cheo, anatanguliwa na a: "No dejan entrar a nadie", hawamruhusu yeyote kuingia. "Dejó salir a los niños", aliwaruhusu watoto watoke. Jina linaweza kuja kabla ya kitenzi cha pili pia, "dejó a los niños salir". Yote mawili yanasikika.

Nije kwenye sentensi yako ya kwanza. Kiswahili kinapenda sana kutendwa: niliruhusiwa, nilikatazwa, tulizuiwa. Kwa hiyo ulitafuta "sikuruhusiwa" na ukaunda "no fui dejado". Dejar ya ruhusa haigeuzwi hivyo. Ukimwambia mtu "fui dejado", anachokisikia ni kwamba ulitelekezwa mahali. Mhispania asiyetaka kumtaja aliyetoa au kunyima ruhusa hutumia wingi usio na mwenyewe: "No me dejaron salir temprano", hawakuniruhusu kutoka mapema. Hao "wao" ni nani, hakuna anayeuliza. Ukitaka kumtaja bosi, mfanye yeye awe mtenda: "Mi jefe no me dejó salir temprano". Kila ulimi unapokwenda kwenye "niliruhusiwa", ugeuze kichwani kuwa "waliniruhusu", ndipo ufungue kinywa. Hata permitir, ambayo inakubali umbo la kutendwa, inalikubali kwa kitendo na si kwa mtu. "No está permitido fumar" ni sawa. "Yo no fui permitido" si sawa.

Kosa la pili limebebwa na herufi mbili. "Dejar" ikifuatwa moja kwa moja na kitenzi ni kuruhusu. "Dejar de" ikifuatwa na kitenzi ni kukoma.

"Me dejó hablar", aliniacha niongee.
"Me dejó de hablar", aliacha kuongea nami.

Ulichomwambia rafiki yako ni kwamba dada yako amekununia. Pole aliyokupa ilikuwa halali! Angalia kilichotokea ndani ya sentensi. Katika ya kwanza, me ni wa dejar: mimi ndiye niliyeachiwa. Katika ya pili, me ni wa hablar: mimi ndiye niliyekuwa nikisemeshwa, na kiwakilishi kimepanda tu mbele. Ndiyo maana unaweza pia kusema "dejó de hablarme" na maana isibadilike. Ukiona de, jiulize shughuli gani imekatika. Usipoiona, jiulize nani amefunguliwa mlango.

Umbo hilo la de lina sura ya kukanusha ambayo utaikuta kila siku: "No deja de llover", mvua haikatiki. "No dejes de escribirme", usikose kuniandikia. Hii ya pili huwapotosha wengi kwa sababu wanaona "no" wakadhani wanakatazwa, kumbe wanahimizwa.

Ukanushaji unabadilika pia kutegemea unakanusha kitenzi kipi. "No te dejo ir" ni sikuruhusu uende. "Te dejo no ir" ni nakuruhusu usiende. Kiswahili kinatenganisha vilevile, kwa hiyo sikiliza sikio lako.

Sasa que. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao hajui kama anao. Kihispania kinaruhusu kusema jambo lilelile kwa njia ya pili: dejar, kisha que, kisha kitenzi katika hali tegemezi. Hali tegemezi inatisha wengi, lakini wewe umeitumia tangu utoto. Ni ile e ya mwisho katika "mwache apite", "niache nilale", "waache waseme". Kihispania kinafanya jambo lilelile: "deja que pase". Vitenzi vinavyoishia na -ar hubadilisha a kuwa e: hablar, hable, entrar, entre, pasar, pase. Vile vya -er na -ir huenda kinyume, vinachukua a: comer, coma, abrir, abra. Na vichache vinavyotumika mno huna budi kuvikariri: ir hutoa vaya, ser hutoa sea, hacer hutoa haga, venir hutoa venga, salir hutoa salga, irse hutoa se vaya. Huwezi kusema kwa Kiswahili "mwache anapita" ukimaanisha kumruhusu, sikio linakataa. Ndivyo sikio la Mhispania linavyokataa "deja que pasa". Baada ya dejar que ya ruhusa, hali tegemezi ni lazima. Haina tofauti kama una uhakika au huna, kama unakubali au unakanusha.

Mtaji huo unaishia kwenye wakati uliopita. Kiswahili hakijali wakati: "namwacha aende", "nilimwacha aende", aende ni ileile. Kihispania kinajali. "Dejo que se vaya", lakini "Dejé que se fuera". Dejar ikiwa katika wakati uliopita, kitenzi cha pili huchukua hali tegemezi ya wakati uliopita: hablara, comiera, saliera, fuera. Maumbo hayo hujengwa kutoka nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopita: chukua hablaron, ondoa -ron, weka -ra. Salieron, saliera. Fueron, fuera. Kanuni hiyo haivunjiki kwa kitenzi chochote.

Kama bado hujafika huko, ipo njia ya kupita pembeni ambayo ni Kihispania safi na wenyeji wanaitumia kutwa: ukiwa katika wakati uliopita, tumia umbo lisilo na que. "La dejé salir", nilimwacha atoke. Kitenzi cha pili kinabaki kizima na huna cha kunyambua.

Basi lini que na lini bila que? Anayeruhusiwa akiwa ni kiwakilishi kifupi, me, te, lo, nos, watu huchagua umbo fupi: "déjame dormir", "no me dejan trabajar". Que hufaa zaidi pale anayeruhusiwa anapotajwa kwa maneno marefu, au kitenzi cha pili kinapobeba se yake: "Deja que los niños se acuesten tarde" inatiririka, wakati "deja a los niños acostarse tarde" ni sahihi ila nzito kidogo. Hufaa pia unapotaka kusisitiza mtu: "Deja que lo haga ella", acha yeye ndiye afanye. Na katika maonyo que ndiyo inayotawala: "No dejes que te engañen", usikubali wakudanganye. Nje ya hapo, hutakosea kwa kuchagua yoyote.

Kuhusu lo, la na le, wengi huhangaika kupita kiasi. Ukisema me, te, nos hakuna tatizo kabisa, kwani hayabadiliki, na nusu ya mazungumzo ya ruhusa ni kati ya mimi na wewe. Tatizo linabaki kwa mtu wa tatu. Kama kitenzi cha pili hakina mtendwa wake, tumia lo au la: "La dejé entrar". Kama kina mtendwa, utasikia vyote viwili, "La dejé leer la carta" na "Le dejé leer la carta". Permitir haina utata huo. Kinachoruhusiwa ni kitendo, mtu ni mpokeaji tu wa ruhusa, hivyo ni le siku zote: "Le permití entrar". Hispania utasikia pia "le dejé entrar" kwa mwanamume. Ni desturi ya huko, usiirekebishe, na huna haja ya kuiiga.

Jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kuliacha: mkazo. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, na dejar inatuadhibu kwa hilo. "Dejo", mkazo kwenye *de*, ni mimi naruhusu sasa. "Dejó", mkazo kwenye *jo*, ni yeye aliruhusu. Ukisema "dejo salir al perro" kwa mkazo wa Kiswahili ukimkusudia jirani aliyemfungulia mbwa, umejishtaki wewe. Vivyo hivyo "deje" ni amri ya heshima, "dejé" ni niliacha. Na "déjame" ina mkazo mwanzoni kabisa, *DE-ja-me*, mahali ambapo ulimi wetu haujazoea. Ukisema *de-JA-me* utakuwa umeongea kama Muargentina, ambako kwa nafsi ya vos, ile "wewe" ya huko, ndivyo inavyotamkwa na huandikwa bila alama: "dejame". Si kosa kule, ila usiwe nayo kwa bahati mbaya. Alama ya juu ya herufi si pambo. Inakuonyesha pa kuweka mkazo. Dejamos peke yake haitofautishi sasa na zamani, utategemea maneno ya karibu kama hoy na ayer.

Herufi j isomwe kama kh ya "kheri" kwa anayeitamka kooni. Ukishindwa, h ya kawaida inatosha, na nchi za Karibi na nyingi za Amerika ya Kati husema hivyo hasa. J ya "jana" haitumiki kamwe.

Katika kuomba ruhusa kwenyewe, usibebeshe dejar mzigo wote. "¿Puedo entrar?" ni sahili na haikosei popote. "¿Me dejas...?" inafaa pale anayeombwa ndiye mwenye kitu au mwenye njia: simu ni yake, kiti ni chake, amesimama mlangoni. Kwa mtu usiyemjua, "¿Me deja pasar, por favor?", au "con permiso" unapopenya kati ya watu. "Permítame ayudarle" ni kujitolea kwa adabu. Kwa rafiki ni "Déjame ayudarte", ile "hebu nikusaidie" yetu. "Déjame ver" mara nyingi si ombi la ruhusa hata kidogo, ni "hebu nione" ya mtu anayefikiri. Lakini "¡Déjame!" ikisimama peke yake ni kali, ni niache. Usiikate hapo ukiwa unaomba jambo, malizia kitenzi.

Namna ya kufanya mazoezi: usikariri jedwali la nafsi zote. Chukua jambo moja lililotokea kweli siku hiyo, mtu fulani kamruhusu au kamnyima fulani ruhusa, liandike kwa umbo fupi, kisha kwa que, kisha likanushe, kisha lipeleke wakati uliopita. "Me deja salir. Deja que salga. No me deja salir. No me dejó salir." Zisome kwa sauti ukipiga kidole mezani kwenye silabi yenye mkazo. Jirekodi na ulinganishe na msemaji wa asili. Fanya hivyo kila siku hadi "me dejó" itoke bila kufikiri, ndipo uongeze sentensi za de.

Maandishi, kama haya, yatakufikisha kwenye kanuni. Hayawezi kusikia mkazo wako. Kama watu wanaendelea kukuuliza "nani? wewe au yeye?" kila unapotumia dejó, tafuta mwalimu au mzungumzaji wa asili akusikilize ana kwa ana au kwa simu, akukatize pale pale unapokosea. Fanya hivyo pia ukijiandaa kwa mtihani wa DELE, ule wa cheti cha Kihispania, kuanzia ngazi ya kati ya B1, maana hapo hali tegemezi inatarajiwa, na ni vigumu kujisahihisha mwenyewe katika insha. Kabla ya kumchagua mwalimu, amua Kihispania chako ni cha wapi. Wa Hispania atakufundisha dejadme, wa Mexico déjenme, wa Argentina dejame, na ukichanganya watatu hao mwanzoni utajiongezea kazi bure.